Vipanya Tulivyomchagulia Mama Yako

Atim mwanangu,

Umekwenda kuagana na rafiki zako kule Nalufenya na nyumba imenyamaza. Begi lako liko tayari karibu na mlango. Mambo ya chakula, ya kuamka mapema, ya kumheshimu mama yako mdogo utakapofika kwake Nkoma, kule Mbale, hayo siyaandiki. Umelelewa kwenye nyumba za askari magereza. Kama kuamka na kusalimia watu hukujifunza huko, barua yangu haitakufundisha.

Nataka kukuandikia juu ya kipanya cha kompyuta. Usicheke. Tangu upate kazi ile ya kuchora ramani za majengo Mbale umekuwa ukiniomba nikusaidie kuchagua kipanya kizuri. Unasema, "Baba, wewe ndiye ulikuwa unamnunulia Mama, unavijua." Na kila mara nimebadilisha maneno, nikauliza kama umepiga pasi nguo zako, au nikatoka nje kama mtu aliyeitwa. Ni kweli navijua. Sidhani kama kuna mstaafu mwingine wa magereza katika Mpumudde yote, hapa Jinja, anayevijua kama mimi. Lakini siwezi kukuambia kipi kizuri bila kukuambia nilijifunzaje, na hilo kila nikitaka kulisema linanishinda. Nimeona niandike.

Kuna siku nilizokuwa na mama yako ambazo hukuziona, kwa sababu ulikuwa chuoni Kampala. Hizo ndizo nataka uzichukue uende nazo.

Unajua tulivyokutana, lakini acha nirudie, maana napenda kulirudia. Nilikuwa askari kijana pale gereza la Mbale. Yeye aliletwa kupima stoo ya zamani iliyotaka kuongezwa chumba. Binti mwembamba, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alitazama askari wote tuliosimama pale akanichagua mimi. "Afande, shika mwisho wa tepu." Nikashika. "Vuta. Usilegeze. Ukilegeza wewe, ukuta wangu unakuwa wa uongo." Nilivuta mpaka vidole vikauma. Mimi mtu wa Lira, yeye wa milimani juu ya Mbale. Lugha yangu hakuijua, na yake sikuijua. Tukabaki na Kiswahili, hicho hicho cha kambi ambacho watu sokoni wakikisikia wanakutazama kama umekuja na bunduki. Kwetu kilikuwa lugha ya mapenzi. Ndiyo maana wewe nawe ndicho ulichoanza kusema.

Nilipohamishiwa Jinja akaja nami, akapata kazi katika kile chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Nalufenya. Alianza kwa meza ya mbao na rula, halafu kompyuta ikaja, akajifunza upya wakati wenzake wa rika lake walikuwa wanaogopa hata kuiwasha. Miaka yote hiyo sikuwahi kutazama kile kitu alichoshika mkononi. Nilijua anachora. Alichora kwa kutumia nini, sikuuliza.

Kisha nikastaafu, na wewe ukaenda chuoni. Jioni moja alirudi akasema, "Gurudumu la kipanya changu limechoka."

Wewe unaelewa. Mimi sikuelewa, akanieleza huku anamenya viazi. Kwamba mchora ramani halizungushi tu lile gurudumu dogo la katikati, la kukuzia na kupunguzia picha. Analikandamiza kwa kidole cha kati, analishikilia, halafu anaivuta ramani nzima upande mmoja kama mtu anayevuta shuka kitandani. Siku nzima anafanya hivyo. Gurudumu likikataa kubonyea, kazi imesimama.

Nikafurahi. Mstaafu ni mtu anayetafuta wa kumsaidia. Kesho yake nikaenda mjini peke yangu, nikaingia duka la kwanza lililokuwa na kompyuta dirishani. Muuzaji akauliza, "Ni cha kazi gani, muzee?" Nikasema, "Kazi nzito." Akanipa kipanya kikubwa, cheusi, kina vitufe kila upande, na nikalipa bila kubishana kwa sababu bei yenyewe ilinihakikishia kwamba ni kizuri.

Alikichomeka pale pale juu ya meza ya chakula. Taa zikaanza kuzunguka ndani yake, nyekundu, kijani, buluu. Kilikuwa kipanya cha vijana wa kucheza magemu. Mama yako alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba Atim, umeniletea disko!"

Nilinuna. Na kwa sababu nilinuna, alikitumia. Siku moja nilimpelekea chakula Nalufenya nikamwona anafanya kazi nacho. Mkono wake unaukumbuka ulivyokuwa mdogo. Ili kulifikia gurudumu ilibidi anyanyue kiganja chote, na akinyanyua, kidole gumba kinagusa vitufe vya ubavuni, ukuta aliouchora unapotea. Alikuwa amekishika kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kukimbia. Aliponiona akatabasamu, akasema kinakwenda vizuri. Kosa langu unaliona. Dukani nilipeleka pesa na mawazo yangu, mkono wa mwenye kazi nikauacha nyumbani.

Mwishowe alinishika mkono akanipeleka yeye kwenye duka la Zaitun. Zaitun unamjua, yule ambaye babu yake alikuja na wanajeshi kutoka Sudan, Kiswahili chake kinateremka kama maji. Alipanga vipanya juu ya kaunta akamwambia mama yako, "Dada, funga macho. Shika kimoja kimoja. Usiangalie rangi." Mama yako akafunga macho, akavishika akitabasamu. Zaitun alitaka tuchukue chenye waya. Mimi nikajitia kujua, nikasema siku hizi watu hawatumii waya. Basi tukachukua kisicho na waya, chembamba. Betri zake ziliisha katikati ya kazi, na juu ya meza yake ile yenye kioo mshale ulirukaruka kama panzi. Kosa hilo la pili nalo ni langu.

Lakini hata nilipomnunulia betri nzuri na kitambaa cha kuwekea chini, alisema gurudumu bado gumu.

Tukarudi. Zaitun akatupa kile kinachosimama kwa ubavu, ambacho unakishika kana kwamba mnasalimiana. Hicho alikipenda. Alisema mkono umelala, kiwiko hakiwaki moto. Kwa muda nikamsikia tena akiimba nyimbo za kanisani akifanya kazi za nyumbani. Halafu, kidogo kidogo, akaanza tena. Gurudumu gumu. Gurudumu halishuki. Chupa ya soda akanipa mimi nimfungulie. Kifungo cha gauni akaniomba nimfungie, nikadhani ananidekea.

Tulipokuwa njiani kurudi dukani mara hiyo nilimwambia, "Mama Atim, sasa siyo kipanya. Ni wewe unaviharibu." Nilisema kwa mzaha, lakini mzaha wenye hasira. Alikuwa ameuficha mkono ndani ya kanga.

Zaitun alikichomeka kipanya kwenye kompyuta yake, akafungua picha, akabonyeza gurudumu. Picha ikasogea. Akabonyeza tena. "Kizima," akasema.

"Basi mimi sina bahati nacho," mama yako akasema.

"Hebu bonyeza nikuone."

Mama yako akaweka kidole. Nikaona ukucha ukibadilika rangi, nikaona mpaka bega linasaidia. Picha haikusogea.

Zaitun alikisogeza kipanya pembeni. Halafu akazunguka kaunta, akaja upande wetu. "Dada, nipe huo mkono." Akauchukua, akaugeuza kuelekea mwanga wa mlangoni. Kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali ambapo watu wote tuna nyama, palikuwa pamebonyea.

"Nyama ya hapa imekwenda wapi?"

"Nimepungua tu," mama yako akasema. "Kazi nyingi."

"Mkono huu wa kushoto haujapungua." Kisha akanigeukia mimi. "Afande, mimi nauza vipanya. Ningependa kuwauzia kingine. Lakini hii siyo kazi ya kipanya. Mpeleke mwenzako hospitali."

Atim, nilikuwa nalala kando ya mkono ule kila siku. Mtu wa dukani ndiye aliyeuona.

Kama utasahau yote niliyoandika hapa, shika hili. Ukiwa kule Mbale, kidole kikikataa, usikimbilie dukani. Vifaa vinaharibika, ndiyo, lakini jiulize kwanza wewe mwenyewe unaendeleaje. Sisi tulizunguka maduka ya Jinja mwaka karibu mzima tukitafuta kosa ndani ya plastiki.

Hospitali walituzungusha pia, mpaka daktari mmoja mpole sana akatukalisha. Akasema mishipa inayoamrisha nyama za mwili ilikuwa inakufa. Imeanza mkono wa kulia, itakwenda wa kushoto, miguu, sauti, kisha pumzi. Dawa ya kuirudisha hakuna. Mimi nikauliza kama ni kwa sababu ya vipanya nilivyonunua. Akasema hapana, na tungekuja mapema isingebadilisha kitu. Alidhani ananifariji. Mimi nilikuwa nafikiria tu kwamba tungekuja mapema, nisingemwambia maneno yale ya njiani.

Mama yako aliuliza swali moja. "Nitaweza kuchora mpaka lini?"

Wakati huo alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote, wodi ya wazazi ya kituo kidogo cha afya milimani, karibu na kwao. Yeye mwenyewe alizaliwa njiani, mama yake akiwa amebebwa juu ya machela ya miti kuteremka mlima, hawakufika. Ile ramani hakutaka mtu mwingine aiguse. Ulipokuwa ukipiga simu tulikuambia mkono unamsumbua. Yeye ndiye aliyetaka iwe hivyo. "Amalize mitihani," alisema, "akija sasa atakaa hapa kunitazama." Mimi nilikubali upesi, kwa sababu kusema ukweli wenyewe kungenishinda.

Tukarudi kwa Zaitun. Safari hii hatukuwa tunatafuta kipanya kizuri. Tulikuwa tunatafuta kipanya kinachotosha kwa mkono uliobaki. Zaitun alituagizia kutoka Kampala kipanya kisichotembea. Kinakaa mahali pamoja, na juu yake kuna mpira mdogo mzito unaouzungusha kwa kidole. Akambadilishia kazi za vitufe, kitufe kikubwa cha pembeni kikawa ndicho kinachovuta ramani, ili asihitaji gurudumu kabisa, asukume tu kwa ubavu wa kiganja. Akapunguza mwendo wa mshale. Akakiweka upande wa kushoto.

Mama yako, ambaye alikuwa akichora nyumba nzima huku anaongea na simu, alikaa kama mtoto wa darasa la kwanza akijifunza kugusa pembe ya ukuta kwa mkono wa kushoto. Alikosa, akarudia. Sikumsikia akilalamika. Mara moja tu aliniambia, "Baba Atim, hiki ndicho ningenunua tangu mwanzo. Kinamfaa hata mzima." Kwa hiyo usikidharau ukikiona. Wengi wanakiogopa kwa sura yake.

Alichora nacho msimu wote wa mvua. Kisha kidole cha kushoto nacho kikaanza kuchelewa, na siku moja akakitoa mkono wake juu ya mpira, akauweka mapajani, akaniambia, "Kaa hapa. Weka mkono wako."

"Mimi? Mimi sijui kuchora."

"Sijakuambia uchore. Zungusha."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Yeye kwenye kiti chake, sauti imeanza kuwa nzito ulimini, mimi na kidole changu cha askari juu ya mpira. "Kushoto. Kidogo. Umepita. Rudi. Hapo hapo. Bonyeza." Ukuta mmoja ulitumalizia asubuhi nzima. Kuna siku nilikasirika na kuna siku yeye alikasirika, na kuna siku tulicheka, kwa mfano nilipoweka choo katikati ya chumba cha kujifungulia bila kujua.

Siku moja alikuwa amechoka, nikataka kumaliza haraka. Nikauweka mlango wa wodi mwembamba, wa kawaida. Akatikisa kichwa. Nikasema, "Upo. Nani ataona tofauti?"

Akafumba macho. Machozi yakatoka, na hakuweza kuyafuta. Alisema polepole, kila neno likimgharimu, "Machela haipiti hapo. Mama atakayebebwa ataona."

Niliufuta. Nikauweka mpana, kama alivyotaka, akautazama muda mrefu kabla ya kusema sawa.

Yaliyofuata ulikuwepo. Ulirudi, ukamkuta kwenye kiti, ukatutazama mimi na yeye, kisha ukavua viatu ukaenda jikoni kumtengenezea uji. Hukunilaumu hata siku moja. Ungenilaumu ningejua pa kuishika aibu yangu. Tulimzika Lira, nyumbani kwa baba yangu, mbali na milima yake. Karatasi ya ramani ya paa hatukuifikia, ikamaliziwa na wenzake wa Nalufenya. Wodi imeshajengwa. Mama yako mdogo atakupeleka kuiona siku utakapotaka. Mimi bado sijaenda.

Sasa nikuambie la leo asubuhi, maana nilikudanganya.

Leo ulinishinda, tukaenda mjini pamoja. Zaitun alikukumbatia muda mrefu. Alipanga vipanya juu ya kaunta, na kabla hajakuambia kitu ukafunga macho mwenyewe, ukaanza kuvishika. Nilikuwa naweza kuvumilia hilo. Halafu ukachukua kimoja cheusi, ukaweka kidole cha kati juu ya gurudumu, ukasema, "Baba, gurudumu hili gumu. Halishuki."

Nikatoka nje. Ulinikuta barazani ukauliza, "Baba, umekasirika?" Nikakujibu ni jua. Tukarudi nyumbani bila kununua kitu, na njia nzima ulikuwa unanitazama kwa pembeni.

Daktari yule niliwahi kumwuliza kama mtoto anaweza kuurithi ugonjwa ule. Akasema kwa watu wengi haurithiwi. Atim, mimi sikusikia "haurithiwi." Nilisikia "wengi." Tangu mazishi nakutazama mikono. Ukimenya matooke natazama. Ukifungua chupa natazama. Ukiangusha kijiko najifanya nasoma gazeti. Umewahi kuniuliza mbona siku hizi nakusalimia kwa kukushika mkono kama mgeni. Nilikuwa napapasa ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ipo. Kila mara imekuwepo.

Ulipotoka mchana kwenda kwa rafiki zako, nilichukua boda nikarudi mjini. Zaitun alikuwa na wateja. Aliponiona mlangoni akawaacha.

Nikamwambia, "Kile cheusi."

Hakuuliza kipi. Alikitoa sandukuni akakiweka mbele yangu. Nikaweka kidole, nikabonyeza gurudumu. Halikushuka. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote, nikaogopa kwamba sasa ni mimi. Nikamsukumia.

"Bonyeza wewe."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akakichomeka kwenye kompyuta yake, akajaribu hivi na vile, akakipiga kidogo juu ya kaunta, akajaribu.

"Kibovu, afande. Kimetoka kiwandani hivi hivi."

"Jaribu tena."

Akajaribu tena kwa ajili yangu. Kisha akakiweka chini, akaniangalia usoni. "Kibovu kabisa. Mtoto ni mzima."

Kwa hiyo hicho usikichukue. Kingine sikukununulia, utachagua mwenyewe huko Mbale, kwa mkono wako, na ukichagua vibaya utabadilisha. Nikikupigia simu nikakuuliza kuhusu mkono kabla ya kuuliza kuhusu kazi, nivumilie.

Pale Lira watu walinisifu kwamba nilisimama kaburini kama askari. Leo nilikaa kwenye kibao cha wateja, mbele ya watu waliokuja kununua chaja za simu, nikalia kwa sauti, mzee mzima, wala sikuweza kujizuia. Zaitun hakuniambia ninyamaze. Aliwaomba wateja warudi baadaye, akashusha mlango wa duka nusu ili watu wa barabarani wasinione, akarudi nyuma ya kaunta kupanga vitu vyake, akaniacha.

Safiri vizuri, Atim.

Ni mimi,
Baba yako